Mtoto Mwepesi wa Kuelewa: Aruke Darasa, au Angoje Wenzake?

Wahenga walisema, "Haraka haraka haina baraka." Ni wahenga hao hao waliosema tena, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Je, walijipinga wenyewe? Sivyo. Walijua ya kuwa mambo ya wanadamu hayapimwi yote kwa fimbo moja. Yako mambo yanayoharibika kwa kuharakishwa, na yako mengine yanayooza kwa kungojwa. Mwenye hekima ni yule ajuaye jambo lililo mbele yake ni la namna gani.

Swali linalotazamwa hapa ni moja, nalo huulizwa katika nyumba za Likasi na katika vijiji vinavyouzunguka mji huo. Mtoto aliyepewa wepesi wa kuelewa kuliko wenzake, je, yafaa apandishwe darasa la juu kabla ya wakati wake, au yampasa kukaa na rika lake mpaka mwaka uishe? Wengine watadhani kwamba ni jambo dogo la walimu. Si dogo. Ndani yake yamo maswali matatu makubwa: haki ni nini, kipaji ni mali ya nani, na mtoto ni wa nani?

1. Mfano wa binti mmoja

Na ufikiriwe mfano huu. Si habari ya nyumba fulani; umetungwa kwa ajili ya fundisho, lakini walimu wengi wataona humo sura ya mtoto wamjuaye.

Katika mtaa wa Kikula, mjini Likasi, yuko binti wa miaka minane, naye yu katika mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Mama yake huuza makala sokoni. Mnunuzi anapotoa noti kubwa, binti huyo hutaja chenji kabla mama hajafungua kitambaa cha fedha. Darasani wako watoto zaidi ya sitini, watatu watatu katika dawati moja. Mwalimu anapomaliza kuandika hesabu ubaoni, binti amekwisha kuzijibu. Halafu hana kazi. Basi huongea, humchokoza jirani, hutazama dirishani. Naye huadhibiwa mara kwa mara kwa ajili ya utundu.

Siku moja mwalimu akalichukua daftari lake ili amkaripie. Akafungua kurasa za nyuma, akakuta hesabu za mwaka wa nne, zimenakiliwa kutoka katika kitabu cha kaka yake, tena zimejibiwa sawasawa. Mwalimu akanyamaza. Kesho yake akaenda kwa mkuu wa shule, akasema, "Mtoto huyu amekaa mahali pasipo pake. Apandishwe."

Habari ilipofika nyumbani, baba alifurahi mno. Jioni ile ile alikwisha kuwaambia majirani kwamba bintiye atakuwa daktari. Mama aliuliza neno moja: "Na kaka yake je?" Maana kaka huyo, mwenye miaka kumi na mmoja, yu katika mwaka wa nne, aliwahi kurudia darasa kwa sababu ya ugonjwa. Dada akirushwa, atamkuta pale pale. Naye nyanya, ambaye watu wa Katanga humwita kambo, alikuwa akichambua mboga kando ya moto. Aliuliza neno la pili: "Mtoto mwenyewe mmemwuliza?" Wakamwita. Binti akasema huku akitazama chini, "Kitabu cha kaka nakitaka, kambo. Lakini sitaki kaka aone haya."

Hapo ndipo swali lilipo. Mwalimu ameona akili. Baba ameona sifa. Mama na nyanya wameona moyo. Nani kati yao ameona sawa?

2. Haki si kuwapa wote tonge moja

Mtu apendaye usawa atasema: "Watoto wote ni sawa. Mwalimu akimpandisha mmoja, amependelea. Wote waende pamoja, na wote wafike pamoja." Neno hili lina uzuri wake, kwa maana linatoka katika moyo unaochukia ubaguzi. Lakini si kweli yote.

Mama akisonga bukari jioni, hampimii kila mtu tonge moja. Mtoto mchanga hupewa uji. Mgonjwa hupewa kidogo na laini. Kijana aliyelima tangu alfajiri hupewa sehemu kubwa. Hakuna aketiye kwenye chakula hicho asemaye kwamba mama amependelea. Angewapa wote kipimo kimoja, mchanga angepaliwa na mkulima angelala na njaa. Basi haki si kuwapa wote kitu kile kile, bali kumpa kila mmoja kile kimfaacho.

Mtoto aliyekwisha kuelewa somo, naye akalazimishwa kulisikiliza mara ya tatu na ya nne, ni kama kijana mkulima aliyepewa uji wa mtoto mchanga. Ana njaa, wala hakuna aionaye njaa yake, kwa sababu maksi zake ni nzuri. Hujifunza jambo moja la hatari: kwamba kazi ni kitu kisichohitaji jasho. Baadaye, atakapokutana na somo gumu la kweli, hatajua kushindana nalo. Wengine hupotea kabisa. Katika nchi ya shaba kama Likasi, mtoto anayechoka na dawati huona watoto wengine wakiokota na kuosha mawe ya madini, wakirudi na fedha kidogo mkononi. Mtoto mwerevu asiyepewa kazi darasani huipata kazi nje ya darasa.

Lakini upendeleo upo, nao ni lazima uitwe kwa jina lake. Upendeleo ni kumpa mtu asichostahili kwa ajili ya uso wa baba yake. Mtoto wa mkubwa akirushwa darasa kwa sababu baba amekuja na zawadi, na mtoto wa mwuza makala akaachwa ingawa anajua zaidi, hapo haki imeuawa. Kwa hiyo mlango wa kuruka darasa yafaa uwe mmoja kwa wote, nao ufunguliwe kwa mtihani wa wazi ambao watu wote wanaweza kuuona. Ukifunguliwa kwa wenye fedha tu, si mlango tena, bali ni dirisha la mwizi.

3. Kipaji ni mali ya nani?

Wakatekumeni wanaujua mfano wa talanta katika Injili ya Matayo. Bwana aliwapa watumishi wake mali, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Na yule aliyeificha ardhini hakusifiwa. Mafundisho mawili yamo humo. La kwanza, mali haikuwa ya watumishi. Ilikuwa ya bwana. La pili, kuificha lilikuwa kosa.

Fundisho la kwanza linamgusa baba anayejisifu. Binti yake hakuununua wepesi wake wa kuelewa, wala baba hakuununua. Mtu hujisifia alichokifanyia kazi, hajisifii alichokikuta mkononi alipozaliwa. Fundisho la pili linawagusa wanaosema, "Akae tu, asije akawa na kiburi." Kumzuia mtoto asiende mbele ili asiwe na kiburi ni kama kufukia mbegu ndani ya chungu ili ndege wasizile. Ndege hawatazila, ni kweli. Lakini hazitaota pia.

Julius Nyerere, aliyekuwa rais wa kwanza wa Tanzania, alitoa mfano uliojulikana mahali pengi. Alimfananisha kijana aliyesomeshwa na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenziwe chakula. Akila akaenda na asirudi, amewasaliti. Mfano huo unafaa kukumbukwa kila mtoto anaporushwa darasa. Harushwi ili awakimbie wenziwe. Anapewa nafasi mbele ili siku moja arudi na mzigo kichwani.

4. Yaliyokwisha kuonekana

Nyerere huyo alikuwa mwenyewe mtoto aliyerushwa darasa. Alizaliwa mwaka 1922 huko Butiama, karibu na ziwa Victoria, naye aliingia shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934. Kiswahili, lugha ya kufundishia, ilimpasa kujifunza pale pale shuleni. Baada ya miezi sita walimu waliona matokeo yake, wakamruhusu kupita darasa moja. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora.

Lakini jambo moja katika habari hiyo lisisahauliwe. Nyerere alianza shule akiwa na miaka kumi na miwili. Kuruka darasa hakukumpeleka kati ya watu wazima. Kulimsogeza karibu na rika lake. Hali ya namna hiyo iko Kongo hata leo. Wako watoto wengi walioanza shule wakiwa wamechelewa, kwa sababu ya umaskini, au ugonjwa, au vita. Mtoto wa miaka kumi na miwili aketiye mwaka wa tatu pamoja na wa miaka minane, naye anaelewa upesi, kwa huyo hofu ya kuruka ni ndogo na faida ni kubwa. Kwa binti wa miaka minane yafaa kufikiri zaidi.

Wataalamu wa nchi nyingine wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, walitoa taarifa iliyokusanya uchunguzi wa miaka hamsini juu ya watoto waliopandishwa upesi. Waliona kwamba watoto hao, wakichaguliwa vema, kwa kawaida walifaulu katika masomo, wala hawakuharibika katika urafiki na tabia kama watu walivyokuwa wakiogopa. Katika chuo hicho hicho kilitungwa kipimo cha kuwasaidia walimu kuamua. Kipimo hicho hakitazami akili peke yake. Kinaonya kwamba mtoto asirushwe ikiwa yeye mwenyewe hataki. Tena asirushwe akaingia darasa alimo kaka yake au dada yake. Tazama basi: maneno ya mama mwuza makala na ya nyanya kando ya moto ndiyo yaliyoandikwa na wataalamu wa mbali.

Na Likasi yenyewe inayo kumbukumbu ya njia nyingine, ambayo haikuwa nzuri. Mji huo uliitwa Jadotville mpaka mwaka 1966. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilizipanga upya shule za msingi za Kongo. Baada ya miaka miwili ya kwanza watoto waligawanywa. Wengi walipelekwa katika njia ya kawaida, ambayo haikukusudiwa kuwafikisha mbali. Wachache waliochaguliwa walipewa miaka minne ya kuwatayarisha kwa shule za juu. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa kiasi kile.

Kuna tofauti gani kati ya njia ile na kumpandisha binti wa Kikula? Tofauti ni kubwa. Moja ni chujio, nyingine ni ngazi. Chujio huwachukua wachache na kuwamwaga wengi. Ngazi humsaidia mmoja kupanda, lakini haiwafungii wengine mlango. Nao wataipanda, kila mtu kwa mwendo wake. Shule isitumie wepesi wa mtoto mmoja kuwa sababu ya kuwaacha wenzake wote waliobaki.

5. Mtoto si ngoma ya baba yake

Likabaki swali la tatu: mtoto ni wa nani? Wazazi husema, "Ni wetu," nao husema kweli. Lakini mtoto si ngoma, ambayo baba huipiga ili majirani wasikie. Ni mtu. Anazo nafsi, hofu na rafiki zake. Kwa hiyo ajuaye kumpenda humtazama yeye kwanza, hatazami macho ya watu.

Ni vema wazazi wachunguze sababu iliyo mioyoni mwao. Yuko mzazi atakaye mtoto aruke kwa ajili ya sifa. Yuko mwingine atakaye hivyo kwa ajili ya fedha, na huyu hastahili kuchekwa. Tangu miaka ya 1990, kwa muda mrefu, wazazi wa Kongo ndio waliobeba mzigo wa mishahara ya walimu, na kila mwaka wa shule ulikuwa gharama nzito. Katiba ya mwaka 2006 iliandika kwamba shule ya msingi ya serikali iwe bure, na mwezi wa Septemba 2019 jambo hilo lilianza kutekelezwa. Hata hivyo madaftari, nguo na viatu havishuki kutoka mbinguni. Mwaka mmoja uliookolewa ni kitu kikubwa katika nyumba maskini. Kwa msichana huenda mwaka huo ukawa tofauti kati ya kumaliza shule na kuozwa kabla ya kumaliza. Sababu hiyo ni ya haki. Ila isiwe peke yake, kwa maana mwaka uliookolewa kwa fedha waweza kupotea baadaye kwa machozi.

Basi, kabla ya kumpandisha mtoto, yachunguzwe mambo haya manne.

Kwanza, akili yake katika masomo yote, si katika hesabu peke yake. Katika shule za Katanga mtoto hufundishwa miaka ya kwanza kwa Kiswahili. Halafu Kifaransa hushika nafasi polepole. Mtoto anayeruka katika miaka hiyo huenda akaruka daraja lenyewe la kuvukia mto. Hesabu atazijua, lakini hatajua maneno yanayoulizia hesabu hizo.

Pili, mwili wake. Je, ataweza kuandika kwa upesi wa wakubwa? Je, atakapomaliza shule ya msingi akiwa bado mdogo, ataweza kwenda kwa miguu mpaka shule ya sekondari iliyo mbali, na nani atafuatana naye?

Tatu, moyo wake. Je, anacheza na nani? Akishindwa, hulia siku moja au hukata tamaa mwezi mzima? Na yeye mwenyewe ataka nini?

Nne, watu wa nyumbani mwake. Je, kuna ndugu atakayeumizwa, naye ametayarishwa?

6. Njia ziko nyingi

Watu wengine hudhani ziko njia mbili tu: kuruka au kukaa. Kumbe ziko zaidi.

Njia ya kwanza ni kumwacha mtoto katika darasa lake na kumwongezea kazi iliyo ngumu zaidi. Isiwe kazi nyingi ya namna ile ile, maana kumwandikisha hesabu ishirini badala ya kumi ni kumwadhibu kwa kuwa hodari. Apewe kitabu kingine, apewe tatizo la kufikiri, apewe kumsaidia mwenzake. Lakini asifanywe mwalimu wa bure kila siku. Naye amekuja shuleni kujifunza.

Njia ya pili ni kumpandisha katika somo moja tu. Saa ya hesabu anakwenda darasa la juu. Saa nyingine anarudi kwa wenzake. Njia hii haihitaji fedha. Inahitaji tu walimu wawili wanaopatana na saa moja ya ubao. Katika shule za vijijini, ambamo mwalimu mmoja hushika madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, jambo hili ni rahisi zaidi: mtoto hugeuza tu uso wake upande wa pili.

Njia ya tatu ni kupita darasa zima. Hiyo ni dawa kali. Dawa kali huponya, lakini hupimwa kwa kijiko.

Njia ya nne ni shule za pekee. Tanzania inazo shule za sekondari za serikali zinazowapokea wanafunzi wenye vipaji, kama Ilboru huko Arusha, Kibaha, Mzumbe, Tabora, Msalato na Kilakala. Huingia waliofaulu sana katika mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, nao hutoka kila upande wa nchi. Ni msaada mkubwa kwa mtoto wa maskini. Lakini mtoto wa miaka minane hawezi kungoja sekondari, wala mzazi wa Kikula hawezi kungoja shule ambayo haijajengwa. Huanza na kile kilichopo: mwalimu, ubao, na saa moja.

7. Kaka aliyebaki

Katika habari hizi zote ni rahisi kumsahau mtu mmoja, yaani kaka. Watu humtazama mtoto anayepanda, wala hawamtazami aliyebaki ngazini. Na hapo upendo hupimwa kweli.

Mtoto asiyeelewa upesi hakutenda kosa. Mtakatifu Yohane Maria Vianney, paroko wa Ars huko Ufaransa, alipata taabu kubwa na Kilatini. Masomo yalimwelemea hata ikaonekana kwamba hatapata upadri. Baadaye watu walisafiri kutoka mbali ili wapate shauri lake. Wepesi wa kuelewa ni kipaji kimoja kati ya vingi. Uvumilivu ni kipaji. Kusema kweli ni kipaji. Mikono yenye ustadi ni kipaji, na mji wa Likasi ulijengwa kwa mikono kuliko kwa maneno. Nyumba inayomsifu mtoto mmoja kwa kumdharau mwingine imewaharibu wote wawili: mmoja ameharibiwa kwa kiburi, mwingine kwa uchungu.

Katika mfano wa binti wa Kikula, hebu ionekane namna wazee wangeweza kuamua. Mkuu wa shule aliwaita wazazi. Binti akapimwa mbele ya walimu wawili. Hesabu alizijua hata zaidi ya mwaka wa nne. Kifaransa alikuwa bado anajikwaa. Basi ikaamuliwa kwamba mpaka Pasaka aende mwaka wa nne kwa saa ya hesabu tu, tena katika chumba kile ambacho kaka yake hayumo, kwa kuwa mwaka wa nne ulikuwa na vyumba viwili. Baada ya Pasaka angepimwa tena, na kama Kifaransa kimeimarika, angehamia chumba hicho kabisa.

Baba alipewa kazi iliyo ngumu kuliko zote: amwambie mwanawe mwenyewe, kabla majirani hawajamwambia. Alimwita kando, akaketi naye. Kaka hakufurahi siku ile. Wiki nzima hakumwazima dada kitabu. Halafu jioni moja dada alikuwa akisoma Kifaransa kwa sauti, naye akakosea neno lile lile mara tatu. Kaka, aliyekuwa amemgeuzia mgongo, akalitamka sawasawa bila kugeuka. Nyanya akasikia, akanyamaza. Kesho yake kaka akageuka. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyemsomesha dada Kifaransa, naye dada akamweleza hesabu za mafungu. Hakuna aliyesema ni nani aliye mbele.

8. Kuharakishwa na kungoja

Wakatekumeni wanaijua siri hii kwa maisha yao wenyewe. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliweka miaka minne ya kujitayarisha kwa ubatizo. Hata aliyekariri katekisimu yote kwa mwezi mmoja hakuruka miaka hiyo, kwa sababu kichwa huelewa upesi lakini moyo hukomaa polepole. Hata hivyo, mwezi wa Mei 1886 huko Uganda, kifo kilipokaribia, Karoli Lwanga aliwabatiza Kizito na wenzake wachache bila kungoja tena. Sheria ya kungoja ilikuwa njema, na kuiacha siku ile kulikuwa kwema pia. Kipimo hakikuwa miaka, bali hali ya mtu na hitaji lake. Naye Nyerere, aliyepita darasa baada ya miezi sita, hakupita upesi katika imani. Alibatizwa Desemba 1943, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Mtu yule yule aliharakishwa katika jambo moja, akangoja katika jingine.

Hilo ndilo jibu la swali la mwanzo. Mtoto na apandishwe pale ambapo darasa halina tena la kumpa, naye anaweza kubeba kilicho mbele, na anakitaka. Asipandishwe kwa ajili ya sifa ya mtu mwingine. Wala asizuiwe kwa ajili ya wivu, au kwa sababu tu ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Injili ya Luka yasimulia kwamba Yesu, akiwa na miaka kumi na miwili, aliketi hekaluni kati ya walimu, nao wakastaajabia majibu yake. Wazee wale hawakumfukuza kwa sababu ya umri wake, walimsikiliza. Halafu akashuka Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii, akakua. Mtoto mwepesi wa kuelewa anahitaji mahali pote pawili: walimu wasioogopa maswali yake, na nyumba ambamo yeye ni mtoto tu, kama ndugu zake.

Maswali ya kufikiri nyumbani

1. Je, katika kijiji chenu yuko mtoto anayeadhibiwa kwa utundu, kumbe amekosa kazi ya kumtosha?

2. Mzazi anapomsifu mtoto mmoja mbele ya wageni, mtoto mwingine aliye karibu husikia nini?

3. Mtu aliyepewa nafasi mbele ya wenzake atajuaje kwamba bado yu njiani kurudi na mzigo wao?